Mimba ya Maziwa na Mayai

Jamani, aibu niliyoipata mjini Arusha siku ile, kila nikitaka kuisimulia najikuta natazama chini kujikagua, kama vile bado nimelivaa lile gauni. Lakini leo mmenichokoza wenyewe, na umri wangu umekwenda, na waliokuwepo wengi wao wameshatangulia, basi nitasema. Mimi Elieshi, binti wa kijiji cha Akheri, Mlima Meru, Mlutheri wa kubatizwa na kipaimara, mwalimu wa kushona katika shule ya wasichana ya misheni, niliwahi kubeba mimba asubuhi moja mbele za watu, bila mwanamume na bila mimba yenyewe.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana nikianzia hapo mtanicheka kabla ya wakati.

Enzi hizo Mwingereza bado anatutawala, niliugua kifua. Kikohozi kilianza kama mafua tu, nikanywa majani aliyonichemshia wifi yangu, kikakataa, mara nikatema damu kwenye leso, mara nikawa siwezi kupanda kutoka mtoni na ndoo bila kukaa chini njiani. Nikapelekwa hospitali ya wagonjwa wa kifua, kule upande wa Kilimanjaro, na matibabu ya kule yalikuwa sindano na kulala. Kulala, jamani! Usinyanyue kitu, usifue, usitembeetembee, kunywa maziwa, kula mayai, lala, amka unywe maziwa mengine, na nesi anakusimamia hapo mpaka kikombe kiishe. Nilikaa huko zaidi ya mwaka. Niliingia nimebebwa mgongoni na kaka yangu Yona kama mtoto mdogo, na siku aliyokuja kunichukua Yona huyohuyo alinipita pale getini, akaenda zake mbele akimtafuta dada yake mwembamba. (Nilimwita. Aligeuka, akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Aisee.")

Daktari alikuwa ameniambia nimepona, siambukizi mtu, niende nikaishi kama watu wengine. Mtasema, sasa kunenepa kulikuwa na ubaya gani, siku zile si mtu mnene ndiye aliyeonekana ana neema? Ndiyo, kama umenenepea kwa mumeo. Mimi nilinenepea kwenye ugonjwa ambao watu pale kwetu waliogopa hata kuutaja, waliuita "ule wa kule". Nikarudi nyumbani kwa Yona nikakuta kikombe changu kimewekwa peke yake kwenye msumari, nje ya jiko. Kanisani nikikaa, benchi linapungua watu taratibu, huyu anakumbuka kumfuata dada yake nyuma, yule anasogea kwenye hewa, na mwisho tunabaki mimi na kitabu cha nyimbo. Wifi yangu Ndeshi hakuwa mtu mbaya, chakula alinipa tena cha kushiba, lakini siku nilipompakata mtoto wake mchanga alikuja mbio kutoka migombani akamchukua, akasema amchukue akamwogeshe. Alikuwa ametoka kumwogesha.

Tangu hapo hakuna aliyenigusa. Sisemi kwa kulalamika, nasema ili mnielewe huko mbele. Watu walinisalimia wakiwa mbali, mikono wameifunga kifuani.

Na huo mwili wenyewe nilikuwa siujui. Nilikuwa nagonga milango. Njia ya kupita katikati ya migomba niliyoizoea tangu utotoni ikawa inaniparuza huku na huku. Nilikuwa nahema hata kwa kuinama kuchukua ufagio. Mikono tu ndiyo iliyobaki ileile, nikishika sindano najitambua.

Shuleni nafasi yangu ilikuwa imeshachukuliwa. Mwalimu mkuu aliniambia, "Pumzika kwanza, mwalimu," akiwa anaongea na dirisha. Nikaenda kwa mzungu mmoja wa shamba la kahawa, mke wake alikuwa anatafuta mtu wa kushona mapazia, akanitazama nilivyopanda ngazi za baraza nikihema, akasema ameshapata mtu. Nikaenda zahanati wanakotafuta wa kukunja bandeji, hata ndani sikuingia. Jioni zile nilikuwa nakaa nyuma ya nyumba natazama Mlima Meru ukifunikwa na mawingu, nawaza kwamba labda ningebaki kule hospitali, maana kule angalau tulikuwa wengi.

Ndipo Yona akaja na habari kwamba mjini yupo Mhindi, Bwana Velji, mwenye duka la nguo, amepata kazi ya kushona sare za wasichana wa shule na anataka wanawake. Hilo lilikuwa jambo geni, kwa sababu mafundi cherehani wa mjini walikuwa wanaume watupu, unawaona wamejipanga kwenye baraza za maduka. Nikasema naenda. Sasa nguo! Magauni yangu ya zamani hakuna lililopita hata mabegani. Nikachukua mawili, la bluu na lenye maua madogo, nikayafumua, nikayaunga yakawa gauni moja, na ili nifiche unene nikalikusanya marinda mengi chini ya kifua, likashuka limeachia kama hema. Nikajiona nimependeza. (Kioo chetu kilikuwa cha kutosha uso tu.)

Siku hiyo nilipanda lori la ndizi hadi sokoni, nikatembea hadi kwa Bwana Velji, na jua la Desemba mnalijua. Nilipofika nilikuwa nahema kama niliyekimbizwa, jasho linatiririka, nimejishika kiunoni, na gauni langu lile limejaa upepo. Barazani nikakuta wanawake wengi wanasubiri na benchi ni moja, limejaa. Akainuka mama mmoja wa makamo, Mchaga wa Machame, mwenye sauti ya kuuzia vitu sokoni, baadaye nikamjua kwa jina la Mama Aisia, akawapigia kelele wenzake:

"Nyie, hamwoni? Mpisheni mja mzito akae!"

Mimi niligeuka nyuma kumwangalia huyo mja mzito. Hakukuwa na mtu nyuma yangu.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Neno moja tu, "sina," lingetosha. Lakini nikisema sina, wataniuliza mbona hivyo, na nikisema ni hospitali wataniuliza hospitali gani, na benchi lile litaondokewa na watu kama benchi la kanisani. Na wakati nawaza hayo Mama Aisia alikuwa ameshanishika bega, akanishika na mkono, akaniketisha, akakaa ubavuni pangu akiwa amenigusa kuanzia bega hadi goti. Nikahisi joto lake. Jamani, machozi yalinilenga. Nikakaa kimya.

"Ya kwanza hii?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali. (Uongo wa kwanza, wala haukupita mdomoni.)

"Miezi mingapi?"

"Mitano."

"Mitano! Basi wako wawili humo." Akauweka mkono wake juu ya tumbo langu, wazi kabisa, mbele ya watu, akalisikiliza kama mtu anayesikiliza hodi. "Anacheza huyu. Baba yake yuko wapi?"

"Nairobi," nikasema, sijui Nairobi ilitoka wapi, sijawahi hata kufika.

Basi ikawa sherehe. Huyu ananiambia nile mtori mwingi wa ndizi, yule ananikataza kukaa mlangoni, mwingine, msichana mwembamba aliyevaa kilemba chekundu, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake katika kikombe chake, nikanywa, akanywa yeye, akanimiminia tena. Mama Aisia akanifunika mabega kwa khanga yake eti upepo wa baraza si mzuri kwangu. Wakaanza kumtafutia mtoto jina. Nami nilikuwa nacheka! Nilikuwa najibu, natoa maoni kuhusu majina, nikasema akiwa wa kike ningependa aitwe jina la mama yangu, na nikiwaambia kwamba kwa muda ule nilimpenda yule mtoto msinishangae.

Bwana Velji akaanza kutuita mmoja mmoja kwenye cherehani iliyokuwa palepale mlangoni, kila mtu ashone kola. Zamu yangu ilipofika nilikaa, nikaishika ile nguo, na mikono ikaenda yenyewe. Alikuwa mzee mfupi mwenye miwani, akaigeuza kola yangu, akaisogeza kwenye mwanga, akaivuta pembe.

"Hii kazi safi," akasema. Kisha akanitazama kiunoni. "Lakini mama, wewe baada ya siku kidogo nakwenda kuzaa. Mimi nataka mtu wa kukaa."

Kabla sijafungua mdomo, Mama Aisia akaja kunitetea, na alinitetea kwa sauti ambayo hata ng'ambo ya barabara walisimama kusikiliza. "Bwana Velji, ogopa Mungu! Mume wake kamkimbia, yuko Nairobi na wanawake wengine, wewe unataka huyu na kichanga chake wafe njaa?" (Mimi sikusema kamkimbia. Hayo ya wanawake wengine aliyaongeza mwenyewe kwa kunionea huruma.) Wanawake wakaitikia, watu wakajaa, Bwana Velji akavua miwani, nami nikaona kazi inaniponyoka kwa sababu ya mtoto ambaye hayupo, nikasimama, nikasema kwa nguvu:

"Sina mimba!"

Wote wakanigeukia.

Mama Aisia akanishika shavu taratibu. "Usimkane mtoto, mwanangu. Njaa isikufanye umkane mtoto."

"Sina, mama! Nimenenepa tu! Tazama!" Na kwa ujinga wangu nikalikamata lile gauni kwa nyuma kwa mikono yote miwili, nikalivuta likaze tumboni wanione nilivyo, mviringo wa pande zote. Nikasikia mlio. Mshono wa ubavuni, nilioushona mwenyewe kwa mkono wangu, mimi mwalimu wa kushona, niliyekuja kuomba kazi ya kushona, uliachia kutoka kwapani hadi kiunoni, la bluu likaenda huku, la maua likaenda kule, na katikati nikabaki mimi.

Walicheka, wenzangu. Hata Bwana Velji alicheka, akageuka ukutani kwa heshima. Mama Aisia peke yake ndiye hakucheka, alikuwa anahangaika kunifunika vizuri kwa ile khanga, na hapo hasa, wakati nimeshikilia ubavu, nikasikia sauti ninayoijua.

"Elieshi? Mwalimu Elieshi wa Akheri?"

Alikuwa mama mwinjilisti wetu, mke wa mwinjilisti wa usharika, amefuata kitambaa cha nguo za kwaya. Alikuwa amesikia mimba, amesikia Nairobi, amesikia mume.

"Shikamoo, mama," nikasema. Ndilo pekee lililonijia.

"Marahaba. Mume gani?"

Basi hapo ikabidi niseme. Nikasema mbele ya wote kwamba sina mume, sina mimba, nilikuwa hospitali ya kifua zaidi ya mwaka, nililazwa na kunyweshwa maziwa, ndiyo mwili huu, na nimepona. Nilisema "nimepona" mara nyingi kuliko inavyofaa. Yule msichana wa kilemba chekundu alikitazama kikombe chake. Kisha akajifuta mdomo kwa kiganja, akajifuta tena, akakiweka kikombe chini kwenye sakafu ya baraza na hakukichukua. Benchi likaondokewa na watu, mmoja mmoja, kwa namna niliyoizoea. Mama Aisia alibaki amesimama palepale. Hakusogea hata hatua. Lakini mkono wake begani mwangu niliuhisi ukipungua uzito, ukapungua, halafu haukuwepo. Nilipomrudishia khanga yake alisema, "Nenda nayo tu, mwanangu," na nilijua kwamba halikuwa jambo la ukarimu peke yake.

Nilirudi kwa miguu. Lori lilikuwepo, lakini sikutaka kukaa na mtu. Nilitembea kandokando ya barabara nimejifunga khanga ya Mama Aisia juu ya gauni lililopasuka, nikipumzika kwenye kila kivuli, na kila gari likipita nilijigeuza kama natafuta kitu kwenye majani. Nilikuwa najisemea kwamba angalau mabaya yameishia mjini.

Hayakuishia. Mama mwinjilisti alikuwa amepanda lori ninalowaambia, na nusu ya maneno yangu alikuwa hakuyaamini. Nilipoingia uani jua bado liko juu ya migomba, nikakuta wazee wawili wa kanisa wamekaa kwenye viti, Yona amesimama ameinamisha kichwa, na Ndeshi analia. Siku zile msichana akipata mimba nyumbani alikuwa anatengwa, anakatazwa meza ya Bwana, jina lake linasomwa mbele ya usharika wote. Mzee mmoja akaniambia kwa upole kwamba afadhali nikiri mapema. Nikasema sina cha kukiri isipokuwa nimesema uongo kwamba ninayo. Wakatazamana. Jambo kama hilo walikuwa hawajawahi kuletewa, mtu kukiri kwamba hana.

Ikabidi aitwe mkunga wa misheni, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Tukaingia ndani yeye na mimi na Ndeshi, akanilaza, akanibonyeza hapa na pale kwa vidole vyake vikavu, akaniuliza maswali ya kike, akatoka nje huku mimi bado nafunga nguo, nikamsikia akiwatangazia wazee:

"Humu hakuna mtu. Ni maziwa na mayai tu."

Wazee walisali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia kwao, wakaondoka. Yona akacheka, halafu akaacha, akaniuliza, "Lakini kwa nini ulikubali, Elieshi? Kitu kidogo namna hiyo, si ungesema tu hapana?" Nikamwambia, "Walikuwa wamekaa karibu." Nadhani alielewa, maana alikwenda kukata majani ya ng'ombe na hakurudi mpaka chakula kikapoa. Siku za baadaye mtoto alianza kuachwa nami kidogo kidogo, kwanza Ndeshi akiwa hapohapo, kisha akiwa jikoni.

Habari ilienea mlimani kote, bila shaka. Watu walicheka hadi kijiji cha Poli. Wiki nzima sikutoka uani. Lakini kuna kitu kimoja nilikiona, kwamba wakishakucheka sana wanachoka, na mimi nilikuwa nimebaki palepale, mwili uleule, mikono ileile. Nikamwomba Ndeshi anishikie utepe wa kupimia. Akanipima kifua, tumbo, nyonga, bila kudanganya hata kidole, na akanisomea alichokiona bila kucheka. Nikakata kitambaa kwa vipimo hivyo, gauni lililonifuata mwili wangu wote na unene wake, lisilo na rinda hata moja. Nikalishona mishono miwili miwili.

Nikarudi kwa Bwana Velji. Njiani nilikuwa nimejipangia hotuba, nikaifanyia mazoezi kwa sauti hadi mwenye punda mmoja akanipisha njia. Nilipofika mlangoni wale waliopata kazi walikuwa ndani kwenye cherehani, Mama Aisia akiwemo, yule wa kilemba chekundu pia, na mashine zote zikanyamaza. Bwana Velji akainua uso kutoka kwenye vitambaa vyake.

"Wewe nani?"

Nikasema yote kwa pumzi moja, kwamba mimi ni mnene lakini sina mimba, wala sina mume Nairobi wala popote, kwamba niliugua kifua na nimepona na daktari amesema siambukizi mtu, kwamba siku ile nilidanganya kwa kukaa kimya na gauni lililopasuka nililishona mwenyewe ila lilikuwa na kitambaa kichakavu, na kwamba naomba kazi.

Mzee yule alinitazama juu ya miwani yake, amechanganyikiwa kabisa.

"Mama," akasema, "mimi nauliza jina."

Mtu mmoja akacheka huko nyuma, nadhani Mama Aisia, kisha mashine zikaanza tena. Bwana Velji alikuwa na sare nyingi za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa, na kumbe ile kola alikuwa ameiweka. Akanionyesha cherehani iliyokuwa peke yake, mwisho kabisa, kando ya dirisha lililo wazi, mbali na wengine. Nilishona hapo miezi mingi kabla mtu hajaleta kiti chake upande wangu. Nyuma yangu walikuwa wanazungumza na kuchekeana siku nzima, mimi nasikiliza.

Basi ndiyo hivyo. Niliapa sitabeba tena kitu nisichokuwa nacho ili tu watu wakae karibu nami, na nimejitahidi. Na mtu akiniuliza mimi ni nani, nataja jina, nafunga mdomo, nasubiri aulize lingine.